Fungueni Mageti ya Shule, Likizo Imeanza

Juzi kwenye grupu la wazazi limetua tangazo: kambi ya likizo ya Juni, Masaki, Dar es Salaam. Kuogelea, kupika, kodingi, roboti. Laki tatu na nusu kwa wiki, chakula juu yako. Mtoto wa pili anapunguziwa asilimia kumi. Ahsanteni kwa huruma! Mimi ninao watatu, na nauli ya Tabata hadi Masaki bado sijaigusa. Nilitaka kulijibu tangazo hilo inavyostahili, nikakumbuka mwalimu wa darasa naye yumo humo.

Likizo kila mwaka inatukuta kama tumevamiwa. Mwenye nauli ya Bukoba anawapeleka kwa bibi. Wa madrasa wanashinda madrasa, nusu siku imekwisha. Wengine tunalipia twisheni, mtoto anafungua daftari lilelile alilolifunga Ijumaa. Waliobaki, televisheni.

Sasa njooni muione shule ya msingi ya mtaani kwetu. Uwanja mpana, magoli ya chuma, miembe yenye kivuli, bomba la maji. Geti lina mnyororo na kufuli, na mlinzi kwenye kiti chake cha plastiki anawafukuza watoto walewale waliokuwa wakiufagia uwanja huo wiki iliyopita, kwa mafagio waliyotoka nayo nyumbani! Elimu bila malipo ilianza 2016, michango haikupata taarifa: dawati tumechanga, ukuta tumechanga. Ukuta tuliouchangia ndio unaotuzuia. Nje yake watoto wanapiga chandimu barabarani, matofali ndiyo magoli, na bajaji ikipiga honi mechi inasimama.

Hatudai roboti. Tunadai kivuli, choo, mpira na mtu mzima wa kuwaangalia. Makocha wa mtaani wapo, jioni wanafundisha bure kwenye vumbi. Vijana wako nyumbani wanachezea simu. Kinachokosekana ni ufunguo, jamani. Ufunguo!

Haya, najua: mtoto akivunjika mkono atakayeitwa ni mwalimu mkuu, na mwalimu naye ana haki ya kupumzika. Ni kweli, sibishi. Basi tuandikishane, tupange zamu, kila mzazi atoe elfu moja ya mlinzi na sabuni ya choo. Ila mtu asiniambie barabara ya bajaji ina usalama kuliko uwanja wenye ukuta.

Mtaniambia mjini vitu vya bure au vya bei ndogo vipo. Vipo. Viwanja vya Kikwete pale Kidongo Chekundu ni vizuri kweli, Maktaba Kuu ina sehemu ya watoto, na Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, watoto wanaona nyumba za asili za makabila kwa kiingilio kisichouma. Tatizo ni kufika. Mtoto akipanda daladala na nauli yake ya mwanafunzi, konda anamkagua juu hadi chini: "Sare iko wapi?" Likizo, kaka! Hataki kusikia. Mkubwa wangu siku hizi anavaa sare kwenda kucheza mpira.

Jumatatu nakwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na orodha ya majina ya wazazi. Nikiambiwa ufunguo anao mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu yuko Moshi, nitauliza shule ikishika moto nani anafungua geti. Huyo ndiye ninayemtaka.