Orodha ya Abiria Ibaki Gatini

Hakuna mtu Mwanza anayeweza kukuambia kwa uhakika ni watu wangapi walikuwa ndani ya MV Bukoba, meli ya abiria iliyozama Ziwa Victoria mwaka 1996. Kila ifikapo Mei 21 watu wanakwenda kwenye makaburi ya Igoma, mashada yanawekwa, viongozi wa dini wanaomba, na idadi ya waliokufa inayosomwa ni 894. Ukikaa na wazee nje ya uzio utasikia nyingine. Wapo wanaosema mia nane na ushee, wapo wanaoapa kwamba elfu ilipita. Sishangai. Meli ile ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443. Daraja la tatu, walikojazana wenye mizigo na watoto wao, halikuwa na orodha.

Kwa hiyo kabla hujamgusa hata mtu mmoja wa daraja la tatu, meli ilikuwa imeshapitiliza.

Ninachotaka kusema ni hiki: tumezoea kusema kwamba watu wetu wanauawa na ziwa, au na ubovu wa meli, au na tamaa ya wenye meli. Yote yapo. Lakini kuna jambo moja dogo, la bei rahisi, ambalo tumelikwepa tangu 1996, nalo ni kumhesabu kila anayepanda na kuiacha hesabu hiyo nchi kavu.

Nianze na ziwa lenyewe, maana ndilo linaloshtakiwa kwanza. Ziwa Victoria si bwawa la kunyweshea ng'ombe. Lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na usiku lina tabia yake. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hivyo upepo unatoka ziwani kuja kwetu. Usiku mambo yanageuka: nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto, na upepo wa kutoka pande zote za ufuko unakwenda kukutana katikati ya ziwa. Hewa ikishakutana pale haina pa kwenda ila juu, na mawingu ya radi yanajijenga kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Saa hizo hizo ndizo za mvuvi wa dagaa, aliye mbali na nchi kavu na taa zake, akiombea mwezi usitoke. Mtumbwi ukikutwa hapo, hakuna ufundi wa nahodha utakaousaidia. Makadirio yanayorudiwa mara nyingi ni kwamba ziwa zima, kwa nchi zote tatu, linachukua watu kati ya 3,000 na 5,000 kwa mwaka. Tazama nafasi iliyopo kati ya namba hizo mbili. Wanadamu 2,000 kila mwaka hatujui kama wamekufa au hawakufa.

Meli zetu kubwa, hata hivyo, hazikuzamishwa na radi ya usiku. MV Bukoba ilipinduka asubuhi, ikitokea Bukoba kupitia Kemondo, ikiwa imeshaikaribia Mwanza. Kivuko cha MV Nyerere, Septemba 20, 2018, kilipinduka mchana kweupe kikibakiza kama mita 50 kufika gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Hapo mtu wa ufukweni anamtambua ndugu yake kwa shati.

Ile ya Ukara naijadili kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna kila kitu. Kivuko kilikuwa kinatoka Bugolora, upande wa kisiwa cha Ukerewe, na siku hiyo ilikuwa siku ya gulio. Anayeijua njia ile anajua siku ya gulio maana yake nini: aliyekwenda asubuhi mikono mitupu anarudi na gunia, na aliyekwenda na gunia anarudi na vitu viwili vitatu zaidi pamoja na shemeji aliyekutana naye sokoni. Uwezo wa kivuko ulikuwa watu 101. Waliokufa ni 228, waliookolewa 41. Jumlisha mwenyewe, ni 269.

Kivuko kama kile kikibeba watu wengi waliosimama, uzito wake unahamia juu. Chombo kinaendelea kuelea vizuri tu, na hilo ndilo linalotudanganya, kwa sababu abiria akichungulia pembeni anaona maji bado yako mbali na sakafu, basi anajua tuko salama. Kumbe kilichopungua ni uwezo wa chombo kujirudi kikishalala upande. Katikati ya safari watu wametulia, hakuna tatizo. Tatizo linakuja mkikaribia kufika. Kila mtu anasimama, anavuta mzigo wake, anasogea upande wa kushukia ili awahi. Watu 100 wakisogea hatua tatu kivuko kinainama kidogo. Watu 200 na zaidi wakisogea hatua hizo hizo, na magunia yakawafuata, kinainama na hakirudi. Taarifa za Ukara zilieleza hivyo hivyo, kwamba abiria walihamia upande mmoja wakijiandaa kushuka. Rais Magufuli naye alisema hadharani kwamba usukani ulikuwa mikononi mwa mtu asiye na mafunzo. Sawa, lakini hata nahodha bingwa hana usukani wa kurudisha watu waliokwisha kusogea.

Sasa sikia sehemu ambayo kwangu ndiyo kiini. Baada ya ajali, viongozi wa wilaya walipoulizwa kivuko kilibeba wangapi, hawakuwa na jibu. Mkatisha tiketi alikuwa amekufa maji, na mashine yake ya tiketi ilikuwa imezama naye. Kumbukumbu pekee ya nani amepanda ilikuwa imepanda pia.

Matokeo yake hayaishii kwenye takwimu. Jioni ile utafutaji ulisimamishwa kwa sababu ya giza, ukaendelea kesho yake. Siku mbili baada ya ajali wazamiaji walimtoa fundi mitambo akiwa hai, alikuwa amejibana mahali palipobakia hewa. Mtu mmoja hai, baada ya siku mbili! Mwenye orodha mkononi anajua bado anatafuta wangapi. Asiye nayo anatafuta mpaka achoke, au mpaka maiti ziache kuelea.

Kwenye MV Bukoba ilikuwa vivyo hivyo, na vibaya zaidi. Meli ilipopinduka haikuzama mara moja. Tumbo lake lilibaki juu ya maji, na waliokuwa ndani wakawa wanagonga. Waokoaji waliokuwa juu walisikia. Wakakata chuma ili wawatoe, hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatokea kwenye tundu hilo, na meli ikaenda chini na waliokuwa wakigonga. Watu wa umri wangu Mwanza tumekua tukisimuliwa habari ya kugonga kule. Sitaki kuwalaumu waliokata, kwani walifanya ambalo yeyote mwenye moyo angefanya. Ila nakumbuka pia kwamba hapakuwa na mtu yeyote ufukweni aliyeweza kuwaambia ndani mna watu wangapi na wako sehemu gani ya meli.

Kuna kisa kingine cha MV Bukoba ambacho vijana wengi hawakijui. Mmoja wa waliokufa mle alikuwa Abu Ubaidah al-Banshiri, mtu wa pili kwa ukubwa katika Al-Qaeda wakati ule, aliyekuwa akiishi Afrika Mashariki kwa majina mengine. Wenzake hawakuamini. Ikabidi watume watu waje huku ziwani kuuliza uliza kama kweli amezama, na habari hiyo ikaja kusikika miaka mitano baadaye mahakamani New York, kwenye kesi ya mabomu ya balozi za Nairobi na Dar es Salaam. Hapo unajifunza pia kwamba orodha bila kitambulisho ni karatasi tu. Leo karibu kila mtu mzima ana namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) au laini ya simu iliyosajiliwa kwa alama za vidole, hivyo kisingizio hicho kimekwisha.

Wenzetu wa Uganda wana la kwao. Novemba 2018, miezi miwili tu baada ya Ukara, boti ya starehe iitwayo MV Templar ilizama ikiwa imejaa watu waliotoka kula raha, muziki unapigwa. Haikuwa na leseni. Walikufa zaidi ya 30, na polisi wao nao wakabaki wanakisia waliopanda walikuwa wangapi. Linganisha na 2005, pale meli zao mbili za kubeba mabehewa, Kabalega na Kaawa, zilipogongana usiku na Kabalega ikazama. Hasara kubwa, meli nzima iko chini mpaka leo. Lakini ilikuwa meli ya mizigo, na waliokuwemo ni mabaharia wanaojulikana mmoja mmoja.

Najua jibu nitakalopewa: siku hizi kuna tiketi za mashine. Zipo, na ni hatua. Ila tiketi inahesabu fedha. Mtoto wa mgongoni halipi, kwa hiyo hayumo. Mpwa wa mfanyakazi wa kivuko hayumo. Anayeuza karanga na mayai ya kuchemsha, aliyepanda kumalizia biashara na kengele ikamkutia ndani, hayumo. Aliyeruka dakika ya mwisho akapewa ishara ya "lipia ndani" anaweza kuwemo au asiwemo, inategemea fedha yake imeishia mfuko gani. Hesabu ya mapato ikija sahihi, ofisi inaridhika. Na hao wasiolipa wana uzito, hasa wakiwa wamesimama juu.

Boti za mbao ndiyo usiseme. Nenda mwalo wowote asubuhi uangalie boti ya visiwani ikipakiwa. Kwanza saruji na kreti za soda chini, kisha magunia ya unga, kisha magodoro, kisha watu juu ya magodoro. Kijana amechuchumaa nyuma karibu na mashine, ana dumu la mafuta ya kula lililokatwa nusu, anachota maji na kuyamwaga nje bila hata kuangalia, na boti haijaondoka bado. Majaketi ya kuokolea maisha yapo, yamefungwa pamoja kwa kamba ya manila chini ya ubao wa mbele, fundo limekaza kwa sababu hayafunguliwi mpaka mkaguzi aonekane. Hatua chache kutoka hapo kuna kibanda cha BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, chenye mzani na daftari, na kila sangara anayeshuka anapimwa na kuandikwa: kilo ngapi, boti ya nani, tarehe. Wanaopanda hawaandikwi popote. Daftari lipo, kalamu ipo, karani yupo, amekaa anasubiri samaki.

Niliwahi kumuuliza nahodha mmoja kwa nini asiwaandike. Akacheka. "Kaka, nikianza kuulizana majina hapa, watu watahamia boti ya mwenzangu. Halafu nikiandika ishirini na tano, mwenye boti ataniuliza mbona fedha ya kumi." Alikuwa mkweli kuliko ripoti nyingi nilizosoma.

Sina shida na meli mpya. MV Mwanza, ile ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, ni chombo cha kujivunia, na daraja la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya vivuko na hatari zake kwenye njia ile. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa wavuvi nao umekuwa bora kuliko zamani. Lakini Ukara haitajengewa daraja kesho. Wala Irugwa, wala Ukerewe yenyewe, ambako bado unavuka Rugezi na Kisorya kwa kivuko. Huko watu wataendelea kupanda na magunia yao, na gulio litaendelea kuwa na siku yake.

Na meli kubwa haiponyi tabia ya kutohesabu. Inaipa tu nafasi kubwa zaidi.

Ninachopendekeza hakihitaji mkopo wa nje. Mtu mmoja getini, na kihesabio cha mkononi cha kubonyeza, anayebonyeza kila kichwa kinachopita, chenye tiketi au kisicho nayo, cha mgongoni pia. Majina na namba za simu za ndugu kwenye daftari au kwenye simu, vyovyote. Chombo kikiondoka, hesabu inabaki gatini, na nakala inatumwa gati la mbele kabla kamba hazijafunguliwa. Idadi ikifika mwisho geti linafungwa, hata kama aliyebaki nje ni diwani.

Ugumu uko kwenye suala la nani anamwajiri mtu huyo. Akiwa chini ya mwenye kivuko, atabonyeza 101 kila siku ya Mungu, hata siku ya gulio. Akilipwa kwa kamisheni ya tiketi, ni yale yale. Lazima mshahara wake utoke kwingine, TASAC (shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini) au halmashauri, kwa mtu asiyepata hasara boti ikiondoka na nafasi. Na awe na mamlaka ya kuzuia kamba isifunguliwe, maana karani wa kuhesabu tu, asiyeweza kumwambia nahodha "huondoki", tutakuwa tumeongeza mshahara mmoja kwenye bajeti na vifo vikabaki palepale. Kijijini ambako nahodha ni mjomba wako, mamlaka hayo hayatumiki kirahisi, kwa hiyo ningependa wahamishwe hamishwe kila baada ya miezi michache, wa Bwisya aende Kome, wa Kome aende Bugolora.