Kambi ya Gécamines Lubumbashi: tuilinde ao tuijenge upya?

Hapa Lubumbashi mabishano inarudiaka paka mahali pamoja: ile kambi ya zamani ya Gécamines, ni kusema nyumba zenye kampuni ya migodi ya serikali ilikuwa inawapa wafanyakazi, pale karibu na shimine (bomba refu la moshi wa furu za shaba) na terile (mulima mweusi wa mabaki ya zile furu), tuifanye nini? Kuna wenye wanasema ni urizi wetu, nyumba hata moja isibomolewe tena. Kuna wenye wanasema ni vijumba vya mukoloni, mwenye iko na feza abomoe, ajenge etaje (gorofa), muji uendelee. Pande zote mbili ziko na ukweli wao, lakini kuna kitu hakuna upande wenye unakiangalia, nitafika kule.

Kwanza vile muji ulianza. Reli ya kutoka kusini ilifika mwaka 1910, njo mwaka Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, ilizaliwa, na 1911 furu za Union Minière, kampuni ya Wabelgiji yenye Gécamines ilichukua nafasi yake, zikatoa shaba ya kwanza pembeni ya muto Lubumbashi. Muji wote ulipangwa kufuata ile kazi. Wazungu katikati, kiisha kipande cha pori chenye kiliachwa wazi kusudi kitenganishe watu, kiisha cité ya weusi yenye leo ni Kamalondo, nyuma yake Kenya, na kufika miaka ya 1950 Katuba na Ruashi. Watu wa reli walikuwa na Makomeno yao, viwanda na madepo vikajipanga upande wa Kampemba. Ukitembea leo kutoka komini moja mupaka ingine unaweza bado kujua nani alikuwa boss wa nani, angalia tu upana wa barabara na ukubwa wa lupango (kiwanja cha nyumba).

Lakini kambi ilikuwa kitu kingine kabisa, juu haikuwa ya serikali, ilikuwa ya kampuni. Mwanzoni Union Minière ilikuwa inachukua wanaume peke yao, mbali sana, mupaka Rhodesia na Ruanda-Urundi, wanafanya miezi yao wanarudi, na wengi walikuwa wanakufa na magonjwa. Karibu na 1928 ikabadilisha: mutu alete bibi yake, watoto wazaliwe kambini, wakomalie pale, wao njo watakuwa wafanyakazi wa kesho. Njo hapo ikaanza posho ya kila juma, unga, maharagi, nyama, samaki, kulingana na ukubwa wa jamaa. Ikaanza masomo (shule) ya wamisionere, hospitali, kupima watoto uzito, foyer (nyumba ya wamama) yenye wamama walikuwa wanajifunza kushona.

Wazee wenye waliishi ile maisha, na hasa wenye walifanya kazi Gécamines kisha serikali kuchukua Union Minière mwaka 1967, wakisema Gécamines ilikuwa baba na mama, wanasema kweli kabisa. Mutu alikuwa anagonjwa anatunzwa, mutoto anasoma, bukari (ugali) haikosekane. Wenye wanataka kambi ilindwe wanatoka pale, na mimi siwezi kuwachekelea, juu hii inchi haijawapa kitu kingine chenye kinafanana na kile mupaka leo.

Shida ni kwamba ile baba na mama alikuwa pia mulinzi wa mulango. Chef wa kambi alikuwa anajua nani amelala kwa nani, mugeni alikuwa anaomba ruhusa, ugomvi wa nyumbani unahukumiwa na watu wa kampuni, na nyumba haikuwa yako, kazi ikiisha unatoka. Na tusisahau Desemba 1941. Vita ilipandisha bei ya kila kitu, wafanyakazi wakagoma juu ya mushahara, wakakusanyika kwa kiwanja cha mupira, askari wakafyatua risasi. Makumi ya watu wakafia pale, pamoja na karani Léonard Mpoyi mwenye alikuwa anasema kwa jina lao. Mutu mwenye anasema tubomoe hii mambo ya mukoloni iko na sababu nzito, haiko tu tamaa ya lupango.

Kiisha kukaja kuanguka. Mwaka 1986 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 470,000 za shaba, 1990 mugodi wa Kamoto ukabomoka kule Kolwezi, na mwanzo wa miaka ya 2000 hata tani 30,000 zilikuwa shida. Mwaka 2003, na feza ya Banki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakapewa kitu cha mara moja wakaambiwa kwaheri, wakaita hiyo « départs volontaires », ni kusema kuondoka kwa kupenda. Leo ukiingia kambini unaona historia yote kwa nyumba moja: veranda imefungwa na bloki, dirisha la chumba limekuwa kaduka ka makala na unite za simu, nyuma kumejengwa vyumba viwili vya kupangisha, na kwa kiwanja kidogo chenye kilibakia mama amepanda matembele na lengalenga.

Basi tukuje kwa ile kitu yenyewe. Ile matembele imeotea udongo gani?

Shimine yenye mita zaidi ya 150 ilitoa moshi miaka mingi sana, na upepo wa kiangazi unausukuma upande wa Penga-Penga, kule miti ilikufa na udongo ukabakia uchi. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wameandika sana juu ya shaba, kobalti, risasi na kadmiamu ndani ya ule udongo, na mwaka 2009, pamoja na wenzao wa Leuven, walionyesha kwamba watu wenye wanaishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wako na kobalti mingi sana ndani ya mukojo. Ukilinda nyumba bila kupima udongo unalinda ukuta, watoto unawaacha. Ukijenga etaje bila kupima udongo unachimba musingi, vumbi inaingia kwa jirani, na mupangaji mupya naye anapanda mboga yake.

Na feza ya kupima haikosekane. Terile iko inakuliwa polepole: kampuni STL, yenye ni ya Gécamines, inaitolea madini, na mwaka 2024 ilituma germanium (madini ya kutengeneza vyombo vya elektroniki) ya kwanza kwa kampuni Umicore kule Ubelgiji. Umicore njo ile Union Minière yenyewe, ilibadilisha jina mwaka 2001. Yaani uchafu wenye ilituachia umekuwa mali, na mununuzi ni jamaa ile ile.

Kwa mimi, nyumba zote haziwezi kulindwa, wenye wanaishi ndani wako na haki ya kuongeza chumba. Lakini mupango wa barabara, masomo, na mahali pa 1941 visiuzwe kwa mutu yeyote, na hata jiwe moja lenye majina ya wenye walikufa lisimamishwe wakati wazukuu wao wangali wanajulikana. Na kabla ya kutoa ruhusa ya etaje ingine hata moja pale, komini na Gécamines wapime udongo avenue kwa avenue, wabandike matokeo mahali kila mama mwenye bustani anaweza kusoma, kwa Kiswahili, na sehemu ya feza ya terile ilipe kusafisha, kuanzia kwa masomo na upande wa Penga-Penga.