Sikuzimia, Nilipaliwa na Kiazi

Jamani, aliyewaambia nilizimia kawadanganya. Nilipaliwa. Na kiazi cha Uyole kikiwa cha moto kinashuka kooni kama bodaboda isiyo na breki.

Iko hivi. Niliomba vyuo vinne. Vitatu vya moyoni, hasa kile cha Dodoma. Cha nne ni hiki cha hapa hapa Mbeya, nilikiomba kumfurahisha mama tu, anayetaka mwanaye alale nyumbani. Ada ya maombi 10,000, nikahesabu ni bei ya amani. Kwenda? Hata siku moja. (Najua mnachotaka kusema. Subirini.)

Sasa jamaa yangu kaomba hicho hicho, kozi ile ile, kwa moyo wote. Majina ya awamu ya kwanza yakatoka, hayumo. Nikaenda kumpa pole. Simu yangu ilikuwa imezima tangu asubuhi, nikaichomeka kwao kwenye chaji.

Bibi yake katenga viazi vya kuchemsha na chai ya tangawizi. "Mjukuu, tuombee chakula." Ningeshukuru viazi, amina, basi. Wapi! Nikafumba macho, nikashusha sauti kama mchungaji: "Baba, unawaona wale wanaojaza nafasi za wenzao na hawana nia ya kwenda. Waumbue, Baba." Bibi akaitikia kwa nguvu, "Waumbue!"

Amina. Kiazi mdomoni. Simu ikawaka. Tii. Tii. Tii-tii-tii, meseji za siku nzima zinaingia kwa mpigo. Jamaa akainuka aniletee, jicho likaangukia kioo. Akasimama. Akaanza kusoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mtangazaji wa taarifa ya habari ya saa mbili: "Hongera, umechaguliwa..." Dodoma. Sawa. Moyoni nasema ishia hapo, kaka, ishia hapo. Kidole kikapanda kwenye kioo. "Hongera, umechaguliwa..." Chuo chake. Kozi yake.

Kimya. Mkaa jikoni ukapasuka, ta! Bibi akaacha kumenya, ganda linaning'inia kidoleni. Akatazama dari.

"Ndaga, asante Baba. Leo umejibu mapema."

Hapo ndipo kiazi kilipogoma. Wakanipiga mgongoni wote wawili, na naapa jamaa hakuwa ananisaidia, alikuwa anadai deni lake.

Mengine ni mafupi. Usiku ule ule nikathibitisha kwamba naenda Dodoma, kwa ile namba ya siri wanayotumiwa waliochaguliwa, ili nafasi ya huku iachiwe awamu ya pili. Jamaa kaomba tena, ada nimelipa mimi. Mama hasemi na mimi.

Jana nimepita kumsalimia bibi. Katoa vigoda viwili.

"Karibu mjukuu, kaa." Akanisogezea cha pili. "Na hiki kishikilie tu, hata kama hukikalii."