"Hauumi, basi si kitu"

Shangazi yangu alikuwa mwanika dagaa pale Kibirizi, Kigoma. Uvimbe aliugusa mwenyewe akioga, mdogo kama punje ya mahindi, upande wa ziwa la kushoto. Wakati huo alikuwa bado ananyonyesha kitindamimba wake. Akamwambia wifi yake, naye akauliza swali moja tu: "Unauma?" Hauumi. "Basi si kitu, maziwa yameganda hayo." Akakandwa kwa maji moto. Mtoto akaachishwa, uvimbe ukabaki. Siku alipokubali kwenda hospitali, ngozi ilikuwa imeshakuwa kama ganda la chungwa na chuchu imezama ndani. Akapewa rufaa ya Mwanza. Tulimzika Ujiji.

Neno hilo "hauumi" ndilo ninalogombana nalo. Malaria inachoma mwili, jino linakesha nawe, ndiyo maana tunaharakia dawa. Saratani ya matiti mwanzoni mara nyingi haiumi hata kidogo. Ni kweli uvimbe mwingi wa ziwa si saratani, ila vidole havijui tofauti. Mpaka nyama kidogo itolewe kwa sindano ikapimwe. Na kunyonyesha kunapunguza hatari, hakuiondoi.

Sasa tazama siku ya kliniki ya watoto. Mtoto anapimwa uzito, anachomwa chanjo, kadi inaandikwa. Mama aliyembeba hakuna anayemgusa! Kwa nini muuguzi asimpapase matiti na kwapa dakika chache, yeye na bibi aliyewasindikiza? Bibi hasa, maana hatari inaongezeka na umri. Mashine haihitajiki. Mumbai, India, kuanzia 1998, wanawake wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo waliwapima wenzao kwa mikono kila baada ya miaka miwili. Saratani zikakutwa zikiwa changa zaidi, na kwa waliofika miaka 50 na kuendelea vifo vikapungua kwa karibu asilimia 30. Mikono tunayo Kigoma.

Nauli na ruhusa ya mume ni vita vingine, navyo ni vizito. Lakini kliniki mama ameshafika, ameshaaga nyumbani.

Binti wa shangazi sasa naye ananyonyesha. Mwezi uliopita nilimwomba asitoke kliniki kabla ya kumwambia muuguzi habari ya mama yake. Alimwambia. Muuguzi akafunga pazia, akampima, na foleni ikasubiri.