Rózsa alijua pa kunyamaza

Ukitaja muziki wa Ben-Hur, ile filamu ya William Wyler ya 1959, wengi hukimbilia matarumbeta. Siwalaumu. Magari ya farasi yanapozunguka uwanja kwa gwaride kabla ya mbio, Miklós Rózsa, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo, habani chochote, na hata asiyejali okestra hujikuta amekaa wima. Ila mimi nikiulizwa ufundi wake uko wapi, jibu langu liko chini ya sitaha ya meli ya kivita, kwa wapiga makasia.

Judah Ben-Hur, mhusika mkuu, ni mtumwa aliyefungwa minyororo huko, anaitwa kwa namba tu: 41. Mbele ya watumwa ameketi mtu mwenye nyundo mbili, na kila anapogonga lazima makasia yavutwe. Arrius, Mrumi aliye mkuu wa kikosi, anaamuru mwendo uongezwe, halafu uongezwe tena. Okestra nayo inavuta kasia. Wimbo ni uleule mzito, lakini kila amri inazidi kuubana, hadi ala zenyewe unazisikia zikihema huku watu wakianza kuanguka. Mazungumzo hakuna, ni amri tu. Judah anamkodolea Arrius macho, na chuki yake yote imo kwenye muziki.

Halafu zinakuja mbio zenyewe, na Rózsa ananyamaza kabisa! Unasikia kwato, magurudumu, mijeledi na makelele ya watazamaji, basi. Lile gwaride lilikwisha kutupandisha mori. Fidla zingeongezwa hapo zingetukumbusha tu kwamba tunatazama filamu.

Kwa Yesu, ambaye naye yumo kwenye filamu, kazi ni nyingine, maana uso wake hauonyeshwi hata mara moja. Pale Nazareti anapompa Judah maji tunamwona kwa nyuma, na ogani pamoja na nyuzi laini ndizo zinazotuambia ni nani. Askari wa Kirumi anakuja akifoka, anamtazama Yesu, anaishiwa maneno. Bila muziki ule tungemwona askari huyo kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. (Kwaya ya mwisho wa filamu, kwa maoni yangu, imezidi sukari.)

Filamu ilibeba tuzo 11 za Oscar, mojawapo ya muziki, ambayo kwa Rózsa ilikuwa ya tatu. Ukiitazama, usiruke zile dakika za mwanzo ambapo okestra inapiga peke yake na picha haisogei. Baadhi ya nyimbo utakazokutana nazo baadaye zinapita hapo kwanza.