Wu Guanzhong na hoja ya wino uliopewa sifuri

Mwaka 1992 mchoraji wa China, Wu Guanzhong, alichapisha insha fupi yenye kichwa kilichowakera wenzake wengi: brashi na wino ni sawa na sifuri. Kwa Wachina, maneno hayo hayataji vifaa vya kazi tu. Yanabeba elimu iliyorithishwa kwa karne nyingi, ya kuukaza na kuulegeza mkono, ya kuukoleza wino na kuuzimua kwa maji, elimu ambayo mjuzi huitafuta kwanza kabla hata ya kuuliza mchoro unaonyesha nini. Miaka michache baadaye Zhang Ding, aliyewahi kukiongoza chuo cha sanaa cha Beijing ambako Wu alifundisha, alimjibu hadharani kwamba brashi na wino ndio mpaka wa mwisho ambao uchoraji wa Kichina unapaswa kuulinda.

Si haki kumhukumu Wu kwa kichwa cha insha peke yake. Alichosema ni kwamba mstari uliotengwa na mchoro wenyewe hauna thamani, kama udongo ambao haujafinyangwa. Na hoja hiyo aliifikia kwa njia ngumu. Alizaliwa mwaka 1919 huko Yixing, mkoani Jiangsu, akasoma Hangzhou, kisha Paris kuanzia 1947. Aliporejea nyumbani mwaka 1950 alishutumiwa kwa kuthamini umbo kuliko ujumbe wa kisiasa. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya kisiasa ya Mao Zedong iliyowaandama wasomi na wasanii, alipelekwa kufanya kazi za shamba kijijini Hebei, na hatimaye aliporuhusiwa kushika brashi tena, alipaka rangi za mafuta juu ya vibao vidogo vya kuandikia kwa chaki, akiviegemeza kwenye tenga la samadi. Mtu aliyepitia hayo, akisikia tena kwamba mchoro mzuri una kipimo kimoja tu, ana kila sababu ya kupaza sauti.

Hata hivyo, Zhang Ding hakuwa mtu wa kuifungia milango sanaa ya kigeni: alikutana na Picasso huko Ufaransa mwaka 1956, na kazi zake mwenyewe zilichota huku na huku. Aliloliogopa ni kwamba vigezo vikishaondolewa, yeyote atamwaga wino na kuuita uchoraji, na hakutakuwa na lugha ya kumkosoa. Naiona hofu hiyo kuwa na uzito mkubwa zaidi darasani. Wu aliweza kuipa brashi sifuri kwa sababu ilikwisha kumkaa mkononi; huko Hangzhou, chini ya mwalimu Pan Tianshou, alinakili kazi za mabingwa wa kale. Mwanafunzi anayeanzia pale Wu alipofikia hana alichojifunza hata aseme anakiacha.

Ubishi huu unapata sura nyingine mbele ya "Mbayuwayu Wawili", kazi yake ya mwaka 1981. Ukuta mrefu wa nyumba ya kusini mwa mto Yangtze umekata mchoro kwa mlalo, paa lake ni mstari mweusi, milango ni mistatili ya giza. Anayemjua Mondrian, mchoraji wa Uholanzi wa mistari iliyonyooka na mistatili, ataitambua mizani hiyo mara moja. Lakini weupe wa ukuta huo kwa sehemu kubwa ni karatasi iliyoachwa wazi, jinsi wachoraji wa kale wa China walivyoiacha karatasi iwe ukungu au maji, na sioni pa kupitisha kisu kati ya Paris na Jiangsu. Katika baadhi ya kazi zake za baadaye, zenye nyuzi za wino zilizozungushwa na madoa ya rangi yaliyotapakaa, mchanganyiko huo haunishawishi kwa kiasi hicho. Mkono unakimbia kuliko jicho.

Wu alipenda kusema kwamba kishada kipae mbali kadiri kiwezavyo, ila uzi usikatike. Katika kazi hii ya 1981 uzi huo ni ndege wawili wadogo wanaoruka karibu na paa, waliochorwa kwa miguso michache ya brashi. Ukiwafunika kwa kidole, nyumba inabaki mistatili mitupu.