Kombe Lililokabidhiwa Mvuani

Jumamosi iliyopita nilikwenda kutazama siku ya mwisho ya mashindano ya gofu katika klabu moja hapa kwetu, ambayo sitaitaja. Mvua ya saa kumi ilipoanza kumwagika, wachezaji na wageni waliingia hemani kwenye zawadi. Makedi, vijana kumi na wawili waliobeba mifuko tangu saa moja asubuhi, wakabaki nje chini ya mwembe. Mmoja wao ndiye aliyemsomea mshindi mteremko wa grini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, kwenye shimo la 18. Nilimwona kwa macho yangu akipiga goti na kumwonyesha kwa kidole mahali mpira utakapokatia kona. Kijana huyo alisogea mlangoni mwa hema aone kombe likitolewa. Askari akamwambia, "Rudi kule, hapa ni pa wanachama." Akarudi mvuani, fimbo za watu bado ziko begani.

Ndani ya hema ubishi ulikuwa ule wa kila mwaka: nani mkubwa, Jack Nicklaus au Tiger Woods? Haya, mataji 18 ya mashindano makuu ni mengi, Nicklaus simnyimi haki yake. Na aliyeshinda US Open, mashindano ya wazi ya Marekani, kwa tofauti ya mikwaju 15, kama Tiger pale Pebble Beach mwaka 2000, nitamwambia nini? Lakini mimi nilikuwa natazama mwembe ule, na jina lililonijia kichwani halikutajwa na mtu hata mmoja hemani.

Papwa Sewgolum.

Alizaliwa Durban, Afrika Kusini, katika familia maskini yenye asili ya India. Kusoma na kuandika hakujua. Alikuwa kedi, na kupiga mpira alijifunza kwa kijiti alichojichongea mwenyewe. Mshiko wake ulikuwa kinyume cha watu wote: anayepiga kwa mkono wa kulia huweka mkono wa kushoto juu na wa kulia chini, yeye aliupeleka wa kushoto chini. Shika mwiko wa posho namna hiyo, usonge, ndipo utajua mtu yule alikuwa anafanya nini na mikono yake. Hakuna mwalimu aliyemrekebisha kwa sababu hakuna mwalimu aliyemfundisha. Kwa mshiko huohuo alikwenda Uholanzi mwaka 1959 akashinda mashindano ya wazi ya nchi ile, akayarudia mwaka 1960, akayachukua tena 1964.

Mwaka 1963 aliruhusiwa kucheza Natal Open nyumbani kwao Durban, katikati ya Wazungu. Akawashinda. Siku hiyo mvua ilinyesha, na kwa kuwa ubaguzi wa rangi haukumruhusu mtu wa rangi yake kuingia kwenye jengo la klabu, wale aliowashinda walikuwa ndani, wakavu, naye bingwa akakabidhiwa kombe lake nje, maji yakimtiririka. Miaka miwili baadaye alishinda tena, na safari hii aliyemwacha nyuma ni Gary Player, ambaye mwaka huohuo wa 1965 alitwaa US Open na kukamilisha mataji yote manne makuu. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeshindwa na kedi wa zamani mwenye mshiko wa kinyume! Serikali ya makaburu ikamfungia Papwa milango ya mashindano. Alikufa mwaka 1978, na ni miaka mingapi ya mchezo wake tuliyonyang'anywa sote, hakuna atakayeihesabu.

Kwangu mimi hakuna ubingwa katika historia ya gofu unaoufikia ule wa 1963. Aliyeshinda huku ametandikiwa zulia na aliyeshinda huku amefungiwa mlango hawapimwi kwa kibaba kimoja.

Wala si Papwa peke yake. Francis Ouimet, aliyewahi kuwa kedi katika klabu iliyokuwa ng'ambo ya barabara kutoka kwao, alikuwa mchezaji wa ridhaa wa miaka 20 alipowashinda Harry Vardon na Ted Ray, magwiji wa wakati huo, kwenye US Open ya 1913 palepale, mfuko wake ukibebwa na mtoto wa miaka kumi. Seve Ballesteros, kedi wa Pedreña huko Hispania, alijizoeza ufukweni kwa fimbo moja. Mwaka 1978 alikuja hapa jirani, klabu ya Muthaiga jijini Nairobi, akashinda Kenya Open, na mwaka uliofuata akachukua The Open ya Uingereza. Tiger aliposhinda Masters ya 1997 kwa mikwaju 12, wafanyakazi weusi wa Augusta, klabu ya Marekani yanakochezwa mashindano hayo, waliacha kazi zao wakatoka kumtazama. Hao nao walikuwa na mwembe wao.

Marehemu baba yangu alibeba mifuko ujanani, kule Tororo chini ya mwamba. Alituambia kwamba kedi huusoma uwanja kwa nyayo: unyevu ukiuhisi chini ya mguu, unajua mpira utakwenda polepole hata kabla mwenye fimbo hajauliza. Alikufa bila kushika kombe lolote, hata la mtu mwingine.

Najua klabu zina gharama, na wanachama wanalipa ada. Sawa. Lakini ada hainunui haki ya kumwacha mwenzako anyeshewe wakati unapigiwa makofi kwa kazi mliyoifanya wawili.

Jumatatu nimeiandikia kamati ya klabu ile barua ya ukurasa mmoja. Nimeomba viti kumi na viwili, ndani ya hema, mstari wa mbele, na kwamba jina la kedi lisomwe pamoja na la mshindi. Mashindano yajayo ni baada ya wiki tatu. Nitakuwepo, na mvua ikinyesha huku viti havipo, nitasimama chini ya mwembe pamoja nao.